Tumbili jikoni, popo darini: namna majirani wanavyoweza kumaliza ugomvi na wanyama bila kuua

Maswali ninayopata ni yale yale. Tumbili wameingia jikoni wamebeba mkate, niweke sumu gani? Popo wamejaa darini, fundi anasema kesho anaziba matobo yote, nimruhusu? Nani anaweza kuja kuwakamata awapeleke porini? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niyaandike yote sehemu moja, ukiulizwa na jirani yako umtumie tu.

Majibu kwa haraka: sumu usiweke, fundi mwambie asubiri, na hilo la kuwapeleka porini mara nyingi halisaidii, nitaeleza kwa nini huko chini. Kinachosaidia ni vitu viwili, kuondoa chakula na kuziba njia, ila lazima mfanye nyumba nyingi kwa pamoja. Ukifanya peke yako tumbili anahamia kwa jirani, anashiba, kesho anarudi kujaribu kwako tena, na hapo ndo watu wanakata tamaa wanachukua mawe.

Kabla hujaanza, andaa hivi

- Majirani watano au sita hivi, hasa wale unaopakana nao na wale wenye miti ya matunda
- Daftari, au grupu la simu la watu hao hao
- Tochi yenye mwanga mkali, ngazi imara, na mtu wa kuishika hiyo ngazi
- Glovu nene, barakoa inayobana vizuri puani, nguo ya mikono mirefu
- Wavu wa plastiki mwepesi wenye matundu madogo, yasizidi milimita 4
- Wavu wa chuma, misumari, simenti au silikoni ya kuzibia
- Mapipa ya taka yenye vifuniko na mipira ya kufungia mizigo
- Namba za simu: ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, daktari wa mifugo, mfugaji nyuki mwenye vifaa, na hospitali yenye chanjo ya kichaa cha mbwa

Kingine, piga simu ofisi ya wanyamapori kabla hujamgusa mnyama yeyote. Sehemu nyingi duniani wanyama hawa wanalindwa kisheria, na kuna aina za popo na nyani ambazo ukimkamata tu bila kibali tayari una kesi.

Hatua ya 1: Jua ni nani hasa

Usiseme "kuna kitu darini". Panda na tochi uangalie kinyesi chake. Kinyesi cha popo wadogo wala wadudu kinafanana na cha panya kwa mbali, lakini ukikibonyeza kwa kijiti (kijiti, sio kidole) kinasagika kuwa unga mkavu wenye vipande vipande vinavyong'aa, hayo ni mabawa ya wadudu. Cha panya kikikauka ni kigumu, hakisagiki hivyo. Tofauti hii ni kubwa kwa sababu panya anatafuna nyaya na mbao, popo hatafuni chochote, hajengi kiota, yeye analala tu. Watu wameshaunguza fedha nyingi kupambana na popo wakati waya zinaliwa na panya.

Ukiona tumbili dume mmoja peke yake anapita pita, mara nyingi huyo anahama kutoka kundi alilozaliwa anatafuta kundi jingine. Majike wanabaki na mama zao, madume ndo wanaondoka. Mwacheni, msimpe kitu, siku chache anapotea. Kundi zima lenye majike na watoto ndo la kuitishia kikao.

Nyuki wakiwa wameganda kwenye tawi kama mfuko unaoning'inia, hao wako safarini, wanapumzika saa chache au siku chache hadi wapate pa kuhamia. Zuia watoto na mifugo wasisogee, usipige jiwe, usiwashe moto chini yao. Wakiwa wameingia ukutani wameanza kujenga masega, hiyo ni kazi ya mfugaji nyuki, sio yako.

Nyoka: kaa mbali, mtu mmoja abaki anamwangalia alipo, mwingine apige simu. Ukimsogelea na fimbo ndo unampa sababu ya kuuma.

Hatua ya 2: Andikeni kwa wiki mbili

Hapa watu wanaruka, afu baadaye wanashangaa kwa nini hawajafanikiwa. Kila mtu kwenye grupu aandike: saa ngapi, wangapi, wametokea upande gani, wamechukua nini, wameondokea wapi. Basi. Hata picha ya simu inatosha. Baada ya wiki mbili mtaona kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakiona peke yake. Mtaa mmoja niliokaa nao kila mtu alikuwa analaumu mti wa miembe wa mzee mmoja, walishataka ukatwe kabisa. Tulipopanga zile ripoti zote juu ya meza, tumbili walikuwa wanaanzia kila siku saa kumi na mbili asubuhi kwenye jalala la nyuma ya jengo la ghorofa, wanakula hapo kwanza, mwembe ulikuwa kituo cha tatu. Wangeukata mwembe, wangepoteza kivuli na urafiki wa mzee, na tumbili wangeendelea kuja.

Hatua ya 3: Kaeni kikao, na aliyeumia aanze kuongea

Usianze na hotuba ya kutetea wanyama. Mama aliyeporwa chakula cha watoto wake mezani, au ambaye mtoto wake amekwaruzwa, aongee kwanza mpaka amalize, bila kukatizwa na bila kuambiwa kwamba tumbili nao wana haki ya kuishi. Ana haki ya hasira yake. Mimi nimeona vikao vinavunjika dakika ya tano kwa sababu mtu mmoja mwenye nia nzuri alianza na sentensi hiyo.

Akishamaliza, onyesheni ramani ya ripoti, hata ya kuchora kwa mkono. Afu mkubaliane mambo machache tu ambayo kila nyumba itafanya, na tarehe moja ya kuanza wote. Matatu yanatosha: taka zifunikwe, hakuna kulisha, na chakula cha mbwa au kuku kisilale nje. Mkiandika kanuni kumi na tano hakuna atakayefuata hata mbili.

Na yule jirani anayewarushia tumbili ndizi kwa sababu anawapenda, msimzomee. Amfuate mtu mmoja anayeheshimiana naye, wakae chini taratibu amweleze kwamba mnyama aliyezoea kupewa na mkono siku akikosa anadai kwa meno, na mnyama aliyeuma mtu mara nyingi mwisho wake ni kupigwa risasi. Yaani ndizi ile ndo inamuua. Akilielewa hilo mara nyingi anakuwa mlinzi wenu mkubwa kuliko wote.

Hatua ya 4: Ondoeni chakula, siku moja, nyumba zote

Hii ndo kazi yenyewe. Mkifanya hii vizuri hatua zingine zinaweza zisihitajike.

Anzeni na mapipa. Kifuniko kinachokaa tu juu hakimzuii tumbili, nimemwangalia mmoja akifanya: anapanda ukingoni, anaingiza vidole vya mikono yote miwili chini ya kifuniko, anakinyanyua kidogo akichungulia, afu anajisukuma nyuma kwa uzito wake kifuniko kinadondoka. Sekunde chache. Alipokuta mpira wa kufungia mizigo umepita juu ya kifuniko na kunaswa mishikio yote miwili, alivuta, akavuta tena, akakaa kuuangalia, akaondoka. Kwa hiyo mpira, na pipa lenyewe lifungwe kwenye nguzo lisipinduliwe. Hata miji mikubwa imepitia haya, Toronto huko Kanada mwaka 2016 walianza kugawa mapipa yenye kitasa cha kuzungusha kwa sababu ya rakuni, mnyama mdogo wa huko anayefukua taka usiku, na hata hivyo wapo rakuni walioendelea kutafuta namna ya kuyapindua. Mnyama anajifunza, na nyie jifunzeni.

Taka zitolewe asubuhi ya siku ya kubebwa, sio usiku wa kabla yake. Mabaki ya nyama na samaki yafungwe mara mbili. Matunda yaliyodondoka yaokotwe kila jioni, na hii wapeni vijana wenu wawe na zamu. Matunda yaliyoko juu vuneni mapema kidogo yaivie ndani. Kwenye miti midogo unaweza kufunika matawi kwa wavu, lakini uwe umekazwa vizuri na matundu yake yawe madogo, wavu uliolegea wenye matundu makubwa unanasa popo na ndege wanakufa taratibu juani, hicho sio tunachotafuta.

Jikoni, dirisha lililo karibu na meza ya chakula liwekwe wavu wa chuma. Usiweke bakuli la matunda mahali linapoonekana kutoka nje, tumbili anaangalia kwanza ndo anaingia.

Jalala linaleta na wanyama wakubwa pia, kwa mzunguko. Mumbai kule India kuna chui wanaoishi ndani ya mbuga ya Sanjay Gandhi iliyozungukwa na jiji. Taka zinaleta mbwa wa mitaani, mbwa wanamleta chui. Kuanzia mwaka 2011 idara ya misitu na wakazi wakaanza kufanya kazi pamoja, na mambo wanayofundishana ni haya haya ya kawaida kabisa, usafi, taa njiani, watoto wasitembee peke yao gizani, na kutomzingira chui akionekana. Kama inawezekana kwa chui, kwa tumbili inawezekana.

Hatua ya 5: Mfundishe kwamba hapa hapana faida

Baada ya chakula kuondoka watakuja bado, siku kadhaa, labda wiki mbili tatu. Tena wiki ya kwanza wanaweza kuzidi usumbufu kwa sababu wamezoea kupata na sasa hawapati. Usiogope, usirudi nyuma.

Wakija, tokeni watu wawili watatu, pigeni sufuria, mwagieni maji kwa bomba la bustani, mkienda mbele polepole kwa pamoja hadi watoke kwenye eneo. Waachieni njia ya kutokea. Kundi lililobanwa kona lenye mama na kichanga litapigana.

Makosa ninayoyaona sana hapa: kumkazia macho (kwao ni changamoto), kumchekea ukionyesha meno (kwao ni tishio), kukimbia, na kujaribu kumnyang'anya kitu alichoshika tayari. Mkate umeshaenda, uache uende. Na mawe hapana, manati hapana. Tumbili mwenye jeraha linalouma hana uwezo wa kutafuta chakula porini, anabaki mtaani, anakuwa mkali zaidi.

Sanamu ya bundi, mikanda inayomeremeta, redio, vinafanya kazi siku tatu nne afu wanavizoea. Tumia kama nyongeza tu, ubadilishe badilishe.

Kama kundi linapita juu ya nyaya za umeme, ongeeni na kampuni ya umeme kuhusu matawi yanayogusa waya. Diani, pwani ya Kenya, wametundika ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega na kima wavuke bila kushuka lami kwenye magari. Mtaa wenu ukiwa na sehemu moja wanapogongwa kila mara, wazo hilo lipelekeni kwa wahusika wa barabara.

Hatua ya 6: Popo darini, toa kwanza ndo uzibe

Hapa nitaenda polepole kwa sababu ndiko kunakotokea ukatili mkubwa bila mtu kukusudia.

Miaka ya nyuma tulisaidia jengo moja, popo wametoka jioni wote kula, tukaona wamekwisha, tukaziba tobo usiku ule ule na simenti. Kesho yake jioni popo kadhaa walikuwa wanazunguka lile tobo, wanagusa simenti, wanazunguka, wanagusa. Ilipofika siku ya nne harufu ikaanza. Tulipofungua dari tulikuta watoto, uchi bila manyoya, wameng'ang'ania mbao. Mama zao walikuwa wamewaacha kwenda kula tu. Sitaki mtu mwingine afanye kosa lile, ndo maana nasema fundi asubiri.

Fanya hivi:

a) Jioni jua linapozama, watu wawili au zaidi wasimame kila upande wa nyumba waangalie wanatokea wapi. Tobo linaweza kuwa dogo sana, upana wa kidole gumba kwa popo wadogo unatosha. Tafuta na alama ya uchafu wa kahawia kwenye ukingo, ni mafuta ya miili yao.

b) Wakishatoka, sikiliza darini. Ukisikia vilio vyembamba, au ukimulika ukaona vichanga, acha. Subiri mpaka waanze kuruka, kwa popo wengi wadogo ni wiki 4 hadi 6. Aina nyingi huzaa mtoto mmoja kwa uzazi, ila zipo zinazozaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo usitegemee kalenda, tegemea macho na masikio.

c) Hakuna vichanga? Ziba matobo yote madogo ambayo hawayatumii, acha yale makuu mawili au moja.

d) Kwenye tobo lililobaki pigilia ule wavu mwepesi juu na pembeni, chini uuache wazi, uning'inie kama pazia lishuke nusu mita hivi chini ya tobo. Popo akitoka anatambaa kushuka chini ya pazia anaruka. Akirudi anakwenda moja kwa moja pale kwenye tobo, anakutana na wavu, hajui kuzunguka kwa chini. Analala kwingine.

e) Acha wiki moja kamili. Kama mvua kubwa imenyesha usiku mfululizo ongeza siku, usiku huo wengine hawatoki. Panda uhakikishe kumekuwa tupu, ndipo uzibe.

Ukiweza, wiki chache kabla tundika sanduku la popo la mbao, mita 4 hivi kutoka chini, mahali penye jua. Wanakula wadudu usiku kucha, ni majirani wazuri wakiwa nje ya dari.

Kinyesi usikifagie kikavu. Vumbi lake linaweza kubeba vijidudu vya ukungu vinavyoshambulia mapafu. Vaa barakoa na glovu, nyunyiza maji kilowane, kusanya kwenye mfuko, funga.

Hatua ya 7: Usihamishe, usiue, usitumie sumu

Najua hapa nitabishiwa. Lakini mnyama ukimpeleka mbali hajui maji yaliko, anaingia kwenye eneo la wenzake wanampiga, wengi wanakufa, na wengine wanarudi. Wakati huo huo kwenu chakula bado kipo, nafasi yake inachukuliwa na mwingine. Junnar, India, walipoanza kukamata chui na kuwaachia kwingine kati ya 2001 na 2003, mashambulizi kwa watu yalipanda kutoka wastani wa manne kwa mwaka hadi 17. Wanyama waliochanganyikiwa ni hatari kuliko waliotulia kwao.

Sumu ya panya ndo mbaya kabisa. Panya aliyekula hafi papo hapo, anazunguka siku kadhaa akiyumba, anakamatwa na bundi, fungo au paka wa jirani, na sumu inahamia huko. Umemuua aliyekuwa anakufanyia kazi bure.

Hatua ya 8: Mtu akiumwa au kukwaruzwa

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, pima kwa saa, afu hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri dalili. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikiwahi inazuia. Jino la popo ni dogo sana, jeraha unaweza usilione, kwa hiyo ukiamka umkute popo chumbani ulikolala, au chumba cha mtoto mdogo, nenda ukamweleze daktari. Popo aliye chini anayeshindwa kuruka usimshike kwa mkono mtupu, mfunike na boksi upige simu.

Ikikwama

*Tumefanya yote na bado tumbili wanakuja.* Rudini kwenye daftari. Kuna chakula mahali, karibu kila mara. Mara nyingi ni nyumba moja, mgahawa, au shule yenye jalala wazi ambao hawakuwa kwenye kikao. Waendeeni kwa upole, mkiwa na ripoti mkononi na mpira wa pipa kama zawadi.

*Jirani mmoja hataki kabisa kushirikiana.* Msimwekee kikao cha kumshtaki. Msaidieni, pengine hana pipa, pengine ni mzee hawezi kuokota matunda. Nimeona ugomvi wa mwaka mzima ukiisha kwa vijana wawili kupita jioni kwake na ndoo.

*Popo wamerudi baada ya kuziba.* Kuna tobo mlilokosa. Mchana zima taa darini, kaa kimya gizani, uangalie mwanga wa jua unapenya wapi. Tia alama hapo.

*Mnyama mmoja amekuwa mkali, anawaendea watoto.* Hapo msijaribu wenyewe. Kusanyeni ripoti, tarehe, picha, mpigie ofisi ya wanyamapori, na hadi wafike watoto wasindikizwe. Mnyama wa porini aliyebadilika ghafla, anayumba, anadondosha mate, au mnyama wa usiku anayezurura mchana bila woga, anaweza kuwa mgonjwa. Mbwa na paka wenu wafungiwe ndani, na muulize kama chanjo zao za kichaa hazijapitwa.

*Tumepata kichanga chini ya mti, tukilee?* Hapana kwanza. Sogea mbali, subiri saa moja mbili bila kelele, mama yake pengine yuko juu anasubiri muondoke. Usimpe maziwa ya ng'ombe. Kama ana jeraha, au mama amekufa pale pale, mweke kwenye boksi lenye kitambaa, gizani, mahali pa joto, umpigie daktari wa mifugo au ofisi ya wanyamapori, na usimruhusu kila mtu aje kupiga naye picha.